Kitabu cha Afya Kitazame Mwaka Kwanza

Msomaji akifika kwenye dawati la maulizo na kusema, "Nipe kitabu kizuri cha afya," mkutubi anayeijua kazi yake hakimbilii kutaja jina. Anauliza kwanza: unataka cha kusoma taratibu, au cha kufungua siku kuna mtu anavuja damu sakafuni? Hayo ni mahitaji mawili, na hata rafu zake ni mbili. Katika maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliotoka 1876, afya ya mtu binafsi iko 613, magonjwa na huduma ya kwanza 616, mambo ya nyumbani 640, na vitabu vya kujiendeleza viko mbali kabisa na hapo, 158, kwenye saikolojia. Ukizishika namba hizo nne huna haja ya kumsubiri mkutubi.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita ni umri wa kitabu. Watu hukagua tarehe ya dawa kabla ya kuimeza, lakini kitabu kinachowaelekeza namna ya kuitumia hukiamini bila kujali kilichapwa lini. Riwaya ya mwaka 1950 inabaki kuwa riwaya. Kitabu cha huduma ya kwanza cha mwaka huo kinaweza kuua.

Chukua mtu mzima aliyeanguka ghafla, moyo wake umesimama. Vitabu vya zamani vilimfundisha msaidizi aanze kufungua njia ya hewa, apulize pumzi, ndipo aje kifuani. Mwaka 2010 Shirika la Moyo la Marekani liligeuza mpangilio huo: kifua kwanza. Unaita msaada, unaweka mikono katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 na isizidi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa huongeza pumzi mbili baada ya kila mikandamizo 30. Kitabu kisichosema hivyo kitoe kwenye rafu ya dharura, hata kama ni urithi kutoka kwa babu. Ndivyo ilivyo pia kwa kuumwa na nyoka. Kuchanja jeraha, kufyonza sumu kwa mdomo, kufunga kamba ya kukaza: yote hayo yaliwahi kuandikwa vitabuni kama ushauri wa kitaalamu, na yote sasa yanakatazwa. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali haraka.

Mfano mzito zaidi ni wa Benjamin Spock. Mwaka 1946 daktari huyu wa watoto wa Marekani alitoa kitabu cha malezi kilichouzwa mamilioni kwa mamilioni na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Kuanzia miaka ya 1950 matoleo yake yaliwashauri wazazi kumlaza mtoto mchanga kifudifudi, kwa hoja kwamba akilala chali na kutapika angeweza kupaliwa. Hoja ilikuwa na mantiki, na wazazi wakaifuata. Baadaye ikabainika kwamba kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini, na mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikatoa ushauri wa kinyume. Uchambuzi uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba kufikia 1970 ushahidi uliokuwepo ungetosha kuitambua hatari hiyo, laiti ungekusanywa na kupimwa pamoja.

Spock hakuwa tapeli. Alikuwa bingwa wa fani yake na aliandika kwa nia njema, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu tunapochagua kitabu huwa tunauliza sifa za mwandishi tukaishia hapo. Matoleo ya baadaye ya kitabu hicho hicho yalirekebishwa. Mzazi aliyeazimwa nakala ya zamani hakuwa na njia ya kulijua hilo, kwa maana jalada halisemi.

Kinachosema ni ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo nyuma ya ukurasa wa jina. Usome. Ukiona orodha ya miaka, tofautisha toleo jipya na kuchapwa upya. Toleo jipya lina maana kwamba maudhui yamepitiwa na kubadilishwa. Kuchapwa upya ni mashine tu imewashwa tena, na makosa ya zamani yametoka yakiwa na karatasi safi. Kitabu kinaweza kuwa kimechapwa juzi huku elimu yake ikiwa ya miaka thelathini iliyopita. Kama mwaka umefutika au ukurasa umechanika, geuza nyuma utazame ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Ikiwa ni ya tarakimu 10 peke yake, kitabu hicho karibu hakika kimetoka kabla ya 2007, maana Januari mwaka huo ndipo mfumo ulipohamia tarakimu 13. Kwa kitabu cha mapishi ya keki hilo si neno. Kwa kitabu chenye vipimo vya dawa, kirudishe ulipokitoa. Kuna vitabu vya miaka ya 1980 ambavyo bado vinaitaja klorokwini kuwa tiba ya kwanza ya malaria, wakati vimelea hatari zaidi vya ugonjwa huo viliizoea dawa hiyo zamani katika sehemu kubwa ya dunia.

Baada ya onyo hilo, vipo ninavyovipendekeza bila kusita. Cha kwanza ni "Mahali Pasipo na Daktari" cha David Werner. Kilianzia katika vijiji vya milimani Mexico, kikatoka kwa Kihispania mwaka 1973 na kwa Kiingereza 1977, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nyingi kilizotafsiriwa. Ninachokipendea si wingi wa magonjwa yaliyomo. Ni ule uungwana wa kukuambia mahali ambapo wewe na kitabu mmefika mwisho: dalili hizi zikitokea, acha kusoma, tafuta msaada. Tena kinatumia kurasa nyingi kukuonya dhidi ya dawa zisizohitajika na sindano za kupenda tu, jambo ambalo mwandishi anayetaka kusifiwa asingelifanya. Kitabu chochote cha tiba kisichokuwa na sentensi ya namna hiyo hakifai kuwa cha nyumbani. Wachapishaji wake, Hesperian, huweka nakala kwenye mtandao zikapakuliwa bure. Tafuta toleo jipya unaloweza kulipata, na vipimo vya dawa vihakikishe kwa mfamasia.

Kwa afya ya akili, David Burns aliandika "Feeling Good" mwaka 1980, na ni miongoni mwa vitabu vichache vya aina hiyo vilivyopimwa na watafiti kwa watu wenye sonona. Nguvu yake iko katika zoezi moja linalohitaji kalamu. Unachora safu tatu. Ya kwanza unaandika wazo lililokujia jinsi lilivyo: "Hajanijibu ujumbe wangu, amenichoka." Ya pili unataja kosa lililomo: nimesoma moyo wa mtu bila kumuuliza. Ya tatu unaandika jibu la haki: huenda hajauona, na mara ya mwisho tuliongea vizuri. Kulisoma zoezi hilo hakumsaidii mtu. Kuliandika ndiko kunakosaidia, na ndiyo sababu wengi humaliza kitabu wakabaki vile vile. Uingereza ililichukua jambo hili kwa uzito kiasi cha kuanzisha mwaka 2013 mpango ambao daktari anaweza kumwandikia mgonjwa kitabu, naye akakichukue maktaba ya umma. Ila mtu anayefikiria kujidhuru hapelekwi kwenye rafu. Anapelekwa kwa mtu, siku hiyo hiyo.

Vitabu vya kujiendeleza ni ukoo mkubwa wenye watoto wengi wasio na adabu. Ukoo huo si mpya: "Self-Help" cha Samuel Smiles kilitoka 1859, na cha Dale Carnegie cha kupata marafiki 1936. Humu ugonjwa mkuu ni namba tamu. Umesikia kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21? Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Neno "angalau" likaangukia njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipofuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, nusu ya wale ambao takwimu zao zilikadirika vizuri walihitaji zaidi ya siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kutoka siku 18 hadi 254. Kwa hiyo aliyeahidiwa siku 21 akashindwa siku ya 22 hana udhaifu wowote. Amedanganywa hesabu. Dai kwamba ubingwa huhitaji saa 10,000 za mazoezi lina historia kama hiyo: Anders Ericsson, ambaye utafiti wake wa 1993 juu ya wapiga fidla ndio ulionukuliwa, alikuja kueleza kwamba namba ile ilikuwa wastani tu, na kwamba aina ya mazoezi ina uzito kuliko saa zake. Vitabu vingi vya rafu hii, niseme ukweli, vingetosha kuwa makala. Soma dibaji na sura mbili, kisha uamue kama unaendelea.

Rafu ya 640 haina hatari nyingi. Isabella Beeton, aliyekuwa na miaka 25 kitabu chake kikubwa cha utunzaji wa nyumba kilipotoka mwaka 1861, aliagiza karoti kubwa zichemshwe karibu saa mbili. Hakuna aliyekufa, ila karoti zenyewe.

La mwisho ni hizi nakala zinazosambazwa kwenye simu. Nyingi zimepigwa picha kuanzia sura ya kwanza, ukurasa wa hakimiliki umeachwa nje, na jalada limebandikwa la toleo jingine. Ukitumiwa moja, andika jina la kitabu na la mwandishi kwenye katalogi ya maktaba yoyote iliyo mtandaoni, uone toleo la karibuni ni la mwaka gani, kisha linganisha orodha ya sura. Zikipishana, uliyo nayo ni ya zamani, na sura za dawa na dharura usizifuate.