Kuongeza paneli kwenye inveta ile ile: yanayosemwa mtaani na yalivyo

Nyumba ina inveta ya kilowati 5, kile kifaa kinachogeuza umeme wa jua uwe wa kutumika nyumbani, na juu ya bati kuna paneli sita za sola za wati 550. Hizo ni kilowati 3.3, kwa hiyo nafasi ya kuongeza ipo. Tatizo ni kwamba wengi huipima nafasi hiyo kwa wati, wakati kinachounguza inveta ni volti.

"Inveta ya kilowati 5 haipokei paneli zinazozidi kilowati 5."

Si kweli. Zile wati 550 zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zimepimwa kiwandani, seli zake (vile vipande vinavyozalisha umeme) zikiwa na joto la nyuzi 25. Saa saba mchana juu ya bati la Dar es Salaam, seli hufika nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi hula takribani asilimia 0.35 ya nguvu. Paneli yako ya 550 hapo inatoa kama 480, na vumbi hatujalihesabu. Ndiyo maana mafundi hufunga paneli zinazozidi inveta hata kwa asilimia 20 au 30, mradi kitabu chake kinaruhusu. Jua likiwaka sana, inveta inachukua inachokiweza na kuacha kilichobaki. Faida utaiona asubuhi, jioni na siku ya mawingu.

"Basi wati zikikubali, unga tu."

Hapa ndipo inveta zinapofia. Soma kibandiko cha ubavuni: tuseme mwisho wa volti upande wa paneli ni 500. Paneli moja ya 550 ambayo haijabebeshwa mzigo inatoa volti kama 49.8. Fundi anaunga kumi kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, volti zikijumlishana, anapata 498, anaona amepita.

Sasa zipeleke Njombe, alfajiri ya mwezi wa saba, nyuzi 5. Watu huogopa jua kali la mchana, kumbe baridi ndiyo inayopandisha volti: takribani asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Jua likichomoza, paneli zikiwa bado baridi, 498 imeshakuwa kama 525. Inveta haisamehi hapo, na mara nyingi waranti nayo inakukana. Wa Dar naye asijidai, maana asubuhi ya nyuzi 20 tu kumi hizo zinagonga 505. Funga tisa. Ukitaka zaidi, anza mstari wa pili sambamba na wa kwanza, wenye idadi ile ile, kisha uangalie kikomo cha ampea (kiasi cha mkondo wa umeme) kwenye kibandiko hicho hicho, maana kwa sambamba ampea ndizo zinazojumlishana.

"Paneli ni paneli."

Ukiichomeka ya zamani ya ampea 9 katikati ya mpya za ampea 13 kwenye mfululizo mmoja, hizo mpya zitaburutwa kuelekea 9. Kama inveta ina milango miwili ya paneli, inayojitegemea, za zamani zipewe mlango wao na mpya mlango wao. Ni vivyo hivyo kwa paa lenye paneli upande wa mashariki na wa magharibi.

"Nimeongeza paneli, sasa hita ya bafuni itafanya kazi."

Umeme unaotoka ni kilowati 5 zile zile. Hita ya kuogea peke yake inaweza kula 3.5 hadi 5.5. Mtu akiwasha birika la kilowati 2 jikoni wakati mwenzake anaoga, nyumba inaingia giza, hata uwe na paneli ishirini.

"Usiku umeme unaisha, kwa hiyo paneli hazitoshi."

Uliza kwanza betri hujaa saa ngapi. Kama inajaa saa tano asubuhi halafu inakuishia saa nne usiku, kilichopungua ni betri; paneli mpya itakaa juu ikipigwa jua bure. Kama hadi jioni haijajaa, hapo ndipo pa kuongeza. Ila kabla hujatoa hela, panda asubuhi na mapema na ndoo ya maji na kitambaa, kioo kikiwa bado baridi, uzipanguse hizo sita ulizonazo.