Pale kuna koneksheni

Hii ni mara ya nne ndani ya wiki mbili mzazi ananijia kutaka chuo chenye jina kwa sababu ya koneksheni, ndiyo maana naandika badala ya kwenda kulala. Baba na mwanawe walikaa mbele yangu na barua mbili za udahili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya jalada gumu la plastiki, lile la kuhifadhia vyeti. Ya pili ilikunjwa mara nne na ilitolewa kwenye mfuko wa shati. Sikuhitaji kuuliza ipi ilitoka chuo chenye jina.

"Mwalimu, tumekuja uthibitishe tu," akasema baba. "Pale kuna koneksheni."

Nikazisoma zote mbili. Chuo chenye jina kilikuwa kimemnyima kijana uhandisi wa umeme, kikamsogeza kwenye kozi ambayo hakuwahi kuiomba. Barua iliyokunjwa ilimpa uhandisi wa umeme, chaguo lake la kwanza. Nikauliza hizo koneksheni ni za nani.

"Za chuo."

"Chuo kizima?"

"Chuo kizima, mwalimu." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomozea wapi.

Basi tuanzie hapo. Hakuna mtandao wa chuo kizima. Chuo chenye wahitimu laki mbili kina maelfu ya vikundi vidogo ambavyo havijuani, isipokuwa vyote vilivaa joho la rangi moja siku ya mahafali. Mhitimu wa famasia wa miaka ishirini iliyopita hana habari na mhitimu wa ualimu wa mwaka jana, na hana sababu ya kuwa nazo. Ukimpigia simu ukasema "tumesoma chuo kimoja," atakuwa na adabu. Adabu haijawahi kumwajiri mtu.

Kwenye kukuza jina, watani wa jadi ndio mabingwa. Oxford na Cambridge, vyuo vikuu vikongwe vya Uingereza, wameshindana kwa makasia tangu 1829, na mtu akiwasikiliza wahitimu wao anaweza kudhani ni makabila mawili, ilhali Cambridge ilianzishwa 1209 na wasomi waliokimbia vurugu za Oxford. Ni mtu na mdogo wake. Nimeona wazazi ambao hawakusoma katika chuo chochote kati ya viwili vinavyoshindana wakitetea kimojawapo kwa jasho, kisha mtoto ndiye anayepelekwa kulipia ushabiki huo kwa miaka minne.

Sasa nieleze nilichokuwa namweleza baba kabla hajanikatiza. Nchini Chile kuna vyuo viwili vinavyogombea wanafunzi bora wa nchi, Universidad de Chile na Pontificia Universidad Católica de Chile. Udahili wao huamuliwa kwa alama. Kwa hiyo kila mwaka kuna aliyeingia kwenye kozi inayogombewa kwa kuvuka mstari kidogo sana, na kuna aliyebaki nje kwa kupungukiwa kiasi hichohicho. Wawili hao ni sawa kwa akili na bidii. Mmoja tu ndiye aliyefunguliwa mlango. Mchumi Seth Zimmerman aliwafuatilia watu wa namna hiyo katika sheria, biashara na uhandisi, na mwaka 2019 akachapisha alichokiona: kuingia kuliongeza nafasi za uongozi wa makampuni kwa asilimia 44.

Hapa ndipo mzazi husema "Umeona?" na kuanza kukusanya makaratasi yake. Kaa kwanza, mzee, hatujamaliza. Ongezeko hilo lilitokana na wanaume waliosoma sekondari binafsi za ada kubwa. Kwa wasichana, sifuri. Kwa wavulana waliotoka shule nyingine wakiwa na alama zilezile, sifuri. Mlango ni uleule na mhadhiri ni yuleyule. Alipochunguza ni akina nani wanaoishia kuongoza kampuni moja, dalili zikaelekea kwa watu waliosoma pamoja na waliotoka katika mazingira yanayofanana. Walikuwa tayari na lugha moja na likizo za aina moja, na chuo kikawapa meza ya kukalia.

Huwa nalirudia hili hadi naonekana mkorofi, kwa sababu wanaoamini zaidi koneksheni za chuo kikubwa ni wale ambao chuo hicho hakina mpango wa kuwakalisha kwenye meza hiyo. Simaanishi wasiende. Namaanisha wasilipie kitu ambacho hakimo kwenye kifurushi chao.

Mfano mwingine, halafu nitawaachia. Harvard Business School, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, huwagawa wanafunzi wake wa shahada ya uzamili ya biashara katika mikondo, na mgawanyo hauangalii nani rafiki ya nani. Mchumi Kelly Shue, katika utafiti wa 2013, aliwafuatilia wahitimu waliokuja kuwa wakurugenzi. Malipo yao na maamuzi yao ya kununua kampuni nyingine yalifanana zaidi na ya wenzao wa mkondo mmoja kuliko ya watu wa mwaka uleule waliokaa mkondo mwingine. Mfanano huo ulizidi maradufu mara tu baada ya mkutano wa wahitimu. Tafakari hilo: jengo moja, mwaka mmoja, jina moja kwenye cheti, na bado kilichokuwa na nguvu ni chumba ulichokaa na mkutano wa kuwakutanisha tena. Jina la Harvard wote walikuwa nalo.

Kosa la pili liko kwenye neno lenyewe. Watu wakisema koneksheni huwa wanawaza mkubwa fulani anayenyanyua simu na kusema "mpokeeni huyo kijana." Huko ni kubebana, na kama unakutafuta, ushauri wangu wa udahili haukufai. Mtandao wa kawaida unabeba taarifa: nani anaacha kazi mwezi ujao, idara gani imepata bajeti, bosi gani usimkaribie. Taarifa hizo hazitoki kwa marafiki wa karibu, maana wao wanajua unachokijua. Mwanasosholojia Mark Granovetter alilionyesha hili mwaka 1973. Kati ya watu aliowahoji ambao walipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara, na karibu asilimia 28 walikuwa wakimwona mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Kati ya mifano aliyoitaja yumo rafiki wa zamani wa chuo, yule ambaye umeshamsahau. Baadaye, majaribio yaliyofanywa kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa watu zaidi ya milioni 20, yaliyochapishwa 2022, yaliongeza sharti moja: uhusiano uwe hafifu, ila usiwe hafifu kupita kiasi. Yule ambaye hamna hata mtu mmoja mnayejuana naye hakusaidii sana.

Kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata hivyo. Kulikuwa na jamaa aliyekaa nyuma yangu kwenye somo la takwimu, akaazima kikokotoo changu, akakirudisha betri imekufa. Miaka sita baadaye akanipigia simu. Nilikikumbuka kikokotoo kabla ya kukumbuka jina lake. Alisema tu, "Kuna nafasi hapa, bado hawajaitangaza, andika barua leo." Hakunipendekeza kwa mtu. Usaili niliufanya mwenyewe, na niliufanya vibaya kidogo.

Mambo mengine nayapita haraka. Ukiona mkopo wa chuo kimoja utakufunga mikono miaka kumi na wa kingine hautakufunga, hesabu hiyo ni nzito kuliko jina. Orodha za ubora wa vyuo hupima sana tafiti za maprofesa ambao pengine hutawahi kukaa darasani kwao. Na kama kozi unayoitaka haipo, mjadala umekwisha, usiniletee.

Sasa yale ambayo sina uhakika nayo. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger, mwaka 2002, waliwalinganisha Wamarekani waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana lakini wakachagua tofauti. Waliokwenda chuo kisichochuja sana waombaji wake hawakupata kipato kidogo kuliko wenzao, isipokuwa wale waliotoka familia za kipato cha chini, ambao kwao chuo kinachochuja sana kilisaidia. Soma tena sentensi hiyo, kisha rudi Chile. Huko maskini hakufaidi. Huku maskini ndiye aliyefaidi. Nimejaribu kuyapatanisha haya mawili kwa miaka. Moja linahesabu mshahara wa kawaida, jingine linahesabu kiti cha mkurugenzi, na huenda hayo ni maswali mawili yaliyovaa nguo moja. Mchumi Raj Chetty na wenzake, mwaka 2023, walikuta jambo la aina hiyo kwa vyuo vichache vya juu kabisa vya Marekani: wastani wa kipato haukubadilika sana, lakini uwezekano wa kuingia kwenye asilimia 1 ya wenye kipato cha juu kabisa uliongezeka kwa karibu nusu. Kwa hiyo mzazi anayetaka mwanawe awe mmoja wa wale wachache ana hoja. Anayetaka mwanawe apate kazi nzuri hana hoja kubwa. Siwezi kumwamulia mtu ni ndoto ipi ya kuinunua.

Hata mbinu ya Dale na Krueger hunisumbua. Anayekataa jina kubwa akiwa nalo mkononi si mtu wa kawaida. Pengine ana kichwa kigumu ambacho kingemfikisha popote. Na mimi mwenyewe sijawahi kuona maisha ya mwanafunzi yuleyule kwenye chuo cha pili. Wanaorudi kunishukuru ni waliofanikiwa. Waliopotea hawarudi, na sijui ni wangapi niliwapoteza mimi.

Ninachofanya badala ya kubashiri ni kumpa kijana kazi ya nyumbani. Tafuta watu watatu waliomaliza kozi hiyohiyo, si chuo hicho tu, ndani ya miaka mitano. Usiwaulize kama chuo ni kizuri. Watakitetea kama mama yao. Waulize nani aliwaambia kuhusu kazi ya kwanza, na mara ya mwisho walizungumza lini na mtu waliyesoma naye. Hesabu pia saa ulizotumia kuwapata hao watatu. Ukitafuta wiki nzima kwenye chuo chenye wahitimu laki mbili, umeshajua ukubwa halisi wa mtandao unaokuhusu. Binti mmoja alirudi akaniambia kwamba kwenye chuo kile kidogo mhitimu wa kwanza alimpa namba za wengine wanne kabla hajaziomba.

Kijana wa juzi aliandika maswali hayo kwenye kiganja chake. Baba yake alikuwa ameshasimama, jalada la plastiki kwapani. Walipoondoka nikaona barua iliyokunjwa imebaki mezani kwangu, chini ya kikombe. Nimempigia kijana aje aichukue. Amesema ameshampata mhitimu mmoja, bado wawili, na mwisho wa kuthibitisha udahili ni Ijumaa.