Kijani juu, kando ya mlingoti

Mwezi uliopita nilipita kwenye ofisi moja ya kata huku Nyanda za Juu Kusini. Nikainua macho kwenye bendera ya Taifa, nikaona bluu iko juu na kijani kiko chini. Mtendaji aliponikuta nimesimama alidhani ninatoa heshima. Nilipomwonyesha alikuna kichwa: "Lakini mwalimu, mstari si unapanda vizuri?"

Mstari, yaani ule mkanda mweusi wa mshazari, ulikuwa unapanda kweli. Tukaishusha, tukaitandaza mezani, ndipo tukaona ilikoanzia shida. Fundi cherehani alishona mkanda wa kupitishia kamba upande usio wake. Bendera ilipopandishwa mara ya kwanza mstari ulishuka, wakaigeuza juu chini ili ukae sawa. Mstari ukakaa sawa, rangi zikahama. Bendera yetu ina ujanja huo: ukiizungusha kichwa chini, mkanda wa katikati unabaki vilevile, ila kijani na bluu hubadilishana nafasi. Kwa hiyo anayekagua mstari peke yake anaweza kupitwa na kosa mchana kweupe.

Kagua kijani. Simama mlingoti ukiwa kushoto kwako. Kijani kiwe juu, kikigusa mlingoti. Bluu iwe chini, upande wa mbali. Mkanda mweusi wenye kingo mbili za dhahabu uanzie chini penye mlingoti, uende mshazari hadi kona ya juu ya mbali. Ukizunguka nyuma utaona kijani kiko juu kulia. Usishtuke, ni bendera ileile unaitazama mgongoni. Hapo ndipo wachoraji wa kuta za shule wanapopotea: wanainakili bendera waliyoiona kwa nyuma, halafu hawachori mlingoti, na mtoto anaikariri hivyo mpaka darasa la saba. Ukutani, mlingoti uhesabu uko kushoto.

Jambo lingine ni upepo. Wenzetu wa Makambako wanaujua. Bendera huanza kuchanika upande wa mbali na mlingoti, na upande huo sehemu kubwa ni bluu, kwa hiyo ukiona bluu imekuwa nyuzinyuzi, nunua nyingine; usisubiri ifike kwenye nyeusi. Na ukitakiwa kuipeperusha nusu mlingoti, ipandishe kwanza hadi kileleni, ndipo uishushe. Jioni vivyo hivyo: irudi juu kwanza, kisha ishuke moja kwa moja.

Rangi zenyewe zilifikaje hapo? Enzi za Waingereza Tanganyika ilipeperusha bendera nyekundu yenye alama yao kwenye kona na kichwa cha twiga. Tarehe 9 Desemba 1961 twiga aliondoka, ikaja bendera ya kijani yenye mkanda mweusi uliolazwa katikati, kingo zake dhahabu. Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani. Nchi zikaungana tarehe 26 Aprili 1964, na tarehe 30 Juni mwaka huohuo bendera ya sasa ikaanza kutumika. Ziweke zile mbili kando kwa kando utaona kazi ilivyofanyika: nyeusi na kijani nchi zote mbili zilikuwa nazo, dhahabu imetoka Bara, bluu imetoka Visiwani, na mkanda uliokuwa umelala ukainuliwa.

Nyeusi ni watu. Kijani ni ardhi na mimea, na anayeishi Mufindi au Rungwe katikati ya chai hahitaji maelezo. Bluu ni maji. Mtu wa Kyela ataitazama akumbuke Ziwa Nyasa. Dhahabu ni madini, na ninaomba tuiite dhahabu, tusiseme njano. Chunya walikuwa wakiichimba kwenye eneo la Lupa tangu miaka ya 1920, nao wanajua tofauti.

Nembo ya Taifa, ile mnayoiita Bibi na Bwana, inasimulia Muungano huohuo kwa mimea. Miguuni pa mwanamume kuna karafuu, miguuni pa mwanamke kuna pamba. Wote wamesimama juu ya Kilimanjaro wakiwa na ngao katikati, na chini imeandikwa Uhuru na Umoja. Watu wengi hunijibu vizuri kuhusu mwenge na ngao, ila mimea hawajawahi kuitazama, ingawa nembo wanaiona kila siku kwenye barua za serikali.

Wananchi huniuliza pia bendera ya Mkoa wa Mbeya au wa Iringa ikoje. Haipo. Mikoa ya Bara haina bendera. Zanzibar ndiyo yenye yake, tangu 2005, na pembeni juu imebeba bendera ya Muungano.

Wimbo wa Taifa ndio unaowashangaza zaidi watu wa Tunduma. Tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, na Zambia nao wanaitumia kwa maneno yao wenyewe. Afrika Kusini wameiingiza katika wimbo wao pia. Ukivuka mpaka kwenda Nakonde ukasikia wanafunzi wanaimba, sikio litakudanganya kwamba bado uko nyumbani, mpaka maneno yakufikie. Simama tu kama ungesimama Tunduma. Sisi wenyewe ubeti wa kwanza tunaiombea Afrika, Tanzania inangoja ubeti wa pili.