Kope Kucheza: Usikimbilie Dawa ya Matone

Kila inapokaribia Siku ya Afya ya Macho Duniani, Alhamisi ya pili ya Oktoba, swali hili hurudi kliniki: "Daktari, jicho linanicheza, ni dalili ya nini?" Wengi wameshaambiwa nyumbani kwamba kope ya juu ikicheza utamwona mtu wa mbali, ya chini ikicheza utalia. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini kope haibebi habari za msiba.

Kinachocheza ni msuli mwembamba unaolizunguka jicho, ule unaolifumba. Ukichoka hujikunja wenyewe, mara nyingi kwenye kope ya chini ya jicho moja. Usingizi haba, mawazo, kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu na macho makavu ndiyo mambo tunayoyakuta kila siku. Anayekodolea simu hadi usiku wa manane hupepesa kidogo sana, jicho likakauka. Lala, punguza kahawa. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe ndani ya siku au wiki chache.

Kinachotusumbua ni matone. Mtu anaingia duka la dawa, anaomba kichupa kama alichotumia jirani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na uoni uliopotea kwa presha ya jicho haurudi. Tumelisema hili mara nyingi mno. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya sukari: hapana kabisa.

Fika kituoni ikiwa kope inacheza zaidi ya wiki mbili au tatu, inalifumba jicho lote, mchezo umeshuka shavuni au mdomoni, kope imelegea, au jicho ni jekundu, limevimba au linatoa uchafu. Nusu ya uso kucheza huweza kutokana na mshipa wa damu unaogandamiza mshipa wa fahamu. Macho yote mawili kujifumba kwa nguvu ni ugonjwa mwingine. Magonjwa haya mawili hutibika kwa sindano za botulini, dawa inayolegeza msuli, zinazorudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi.

Anzia zahanati au kituo cha afya upate rufaa. Hakikisha barua ina jina lako kamili, tarehe, sahihi na muhuri. Isiyo na muhuri hukurudisha ulikotoka na siku yako imepotea. Beba kadi ya bima, kitambulisho na dawa zote ulizotumia, hata vichupa vitupu. Usivitupe kwa aibu, tunavihitaji.

Lakini mdomo ukipinda ghafla, mkono ukaishiwa nguvu au maneno yakagoma kutoka, hiyo ni dharura ya kiharusi. Achana na rufaa, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo. Na kama macho yanajifumba bila hiari yako, usiendeshe gari wala pikipiki hadi uonwe na daktari.