Seneti: neno la wazee, viti vya vijana

Neno "seneti" limetufikia kupitia Kiingereza, lakini shina lake ni la Kilatini: senex, yaani mzee. Warumi waliita senatus baraza la watu wazima wenye hadhi, walioshauri watawala. Sikio la Mswahili likaongeza irabu mwishoni, kama kwenye tiketi. Na yule mjumbe akawa seneta, kwa njia ileile iliyotupa kondakta. Wingi ni maseneta.

Uzee huo haujafutika katika katiba nyingi. Rwanda humtaka seneta awe na miaka 40 au zaidi. Marekani na Kongo ya Kinshasa hutaka 30, wakati mbunge wa kawaida anaruhusiwa akiwa na 25. Kenya imeachana na maana hiyo kabisa: umri wa kugombea ni uleule kwa mbunge na seneta, tena viti 2 vimetengwa kwa ajili ya vijana, mwanamke na mwanamume. Hapo naona neno limehama kutoka umri kwenda uwakilishi wa kaunti. Maseneta 47 huchaguliwa, mmoja kila kaunti. Wanaongezwa wanawake 16, vijana 2 na watu wenye ulemavu 2. Jumla 67, bila kumhesabu spika.

Kosa ninalolisikia sana ni "Bunge na Seneti". Ibara ya 93 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema Bunge ni moja, na ndani yake mna Bunge la Taifa na Seneti. Kinachowapoteza watu ni hilo jina "Bunge la Taifa": likikatwa likabaki "Bunge", sehemu inachukua jina la kitu kizima. Andika "Bunge la Taifa na Seneti", au "mabaraza yote mawili ya Bunge".

Si suala la ufasaha tu. Mswada unaohusu serikali za kaunti lazima upite kote kuwili. Wakitofautiana, maspika huunda kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Kamati isipoafikiana ndani ya siku 30, au upande mmoja ukiikataa nakala ya mswada iliyoafikiwa na kamati, mswada umekufa. Mwandishi akiripoti kwamba "Bunge limepitisha" kumbe Seneti haijaugusa, msomaji wa kaunti ya Turkana au Kwale ataamini sheria imekamilika.