Ngumu kivipi? Chuma, alumini na neno linalotuchanganya kwenye fremu za fiksi

Juzi tena nimemsikia jamaa anamshauri kijana anayetaka kujenga baiskeli ya fiksi, anamwambia chukua chuma bana, chuma ni laini, alumini ni ngumu itakuumiza mgongo. Haikupita dakika tano, yule yule anasema alumini achana nayo, ile ni laini, itakatika. Sasa ni ngumu au ni laini? Kijana alikuwa anatikisa kichwa tu kukubali, na mi nilimwonea huruma maana aliondoka pale bila kujua chochote zaidi ya alichokuja nacho.

Kwa asiyeijua, fiksi ni baiskeli ya gia moja isiyo na frii, sproketi ya nyuma (lile gurudumu dogo la meno linalovutwa na cheni) imekazwa moja kwa moja kwenye haba, yaani kitovu cha tairi, yaani tairi likizunguka na pedali zinazunguka, huwezi kutulia miguu ukaacha baiskeli iteleze yenyewe. Na huo "ugumu" wa fremu ni mambo matatu tofauti. Ukakamavu ni jinsi kitu kinavyokataa kupinda ukikilemea, na ukikiachia kinarudi kilivyokuwa. Nguvu ni kiasi gani kitabeba kabla hakijapinda jumla au kukatika. Ugumu wenyewe, ule wa uso, ni jinsi kinavyokataa kukwaruzika na kubonyea. Maana ndo hiyo, haina mengi. Kazi ipo kwenye neno.

-gumu ni neno la Kibantu la siku nyingi, Waganda wanalo hivyo hivyo, na kwao okuguma ni kuwa imara, kujikaza. Kwetu limetanuka kweli kweli: mti mgumu, mtihani mgumu, maisha magumu, bahili ana mkono mgumu, asiyesamehe ana moyo mgumu. Wala sina ugomvi na hilo, ndivyo maneno yanavyoishi. Shida ni ukilipeleka kwenye fremu, linabeba yale mambo matatu kwa mpigo na msikilizaji anachagua mwenyewe lipi la kuchukua. Na laini, lililokuja kwa Kiarabu, ndo baya zaidi, kwa sababu mmoja akisema laini anamaanisha inapendeza kupanda na mwingine akisema laini anamaanisha dhaifu.

Kinachoniuma ni kwamba neno sahihi tunalo, tena zuri sana: kukakamaa. Msuli unakakamaa, maiti inakakamaa, kanzu iliyotiwa wanga inakakamaa. Hebu shika hiyo kanzu ya wanga ukaiangalie vizuri, kola imesimama kama ubao lakini ukitaka kuichana inachanika kwa mikono miwili tu. Imekakamaa, haijapata nguvu yoyote mpya. Afu chukua kamba ya katani, inajilaza mkononi vyovyote unavyotaka, haina ukakamavu hata kidogo, ila inavuta gari lililokwama. Hiyo ndo tofauti nzima ya ukakamavu na nguvu, iko kwenye kanzu na kamba. Siku hizi ukakamavu tumeuachia gwaride na watu majasiri, lakini maana yake ya kwanza ni hii ya kitu kusimama kisipinde, na fremu ndo mahali pake kabisa.

Na majina ya metali zenyewe yanachangia. Chuma kwa wengi wetu ni metali yoyote, hata alumini mtu ataiita chuma akiwa hana haraka ya kutofautisha. Ile ya fremu kwa ukamilifu wake ni chuma cha pua, na pua hii haina uhusiano na ya usoni, pua ni jina la zamani la chuma kilichoimarishwa, mhunzi alikuwa anatia pua kwenye shoka ili lishike makali, ingawa siku hizi ukisema chuma cha pua wengi wanafikiria kile kisichoshika kutu, basi nitaendelea kusema chuma tu. Alumini nayo jina lake linatoka kwenye alumen ya Kilatini, na alumen ni shabu, hii hii shabu tunayoijua, lile jiwe jeupe la kutuliza maji machafu. Humphry Davy wa Uingereza ndo aliyelitoa jina huko mwanzoni mwa miaka ya 1800, ila metali yenyewe ilibaki ghali mpaka 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa walipogundua kila mmoja kivyake namna ya kuitenganisha kwa umeme.

Sasa twende kwenye fremu. Ukichukua kipande cha chuma na kipande cha alumini vya umbo moja na unene mmoja, chuma ndo kimekakamaa zaidi, karibu mara tatu (kwa kipimo cha ukakamavu, gigapaskali 200 kwa 70 hivi). Uzito nao ni hivyo hivyo, sentimita moja ya ujazo ya chuma ni gramu 7.85, ya alumini ni 2.7. Kwa hiyo yule anayesema alumini kwa asili yake imekakamaa kuliko chuma amegeuza mambo juu chini. Na chuma cha bei rahisi na kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, vimekakamaa sawa sawa, hili watu hawaliamini kabisa. Kromoli haikukakamaa zaidi, ina nguvu zaidi, na kwa sababu ina nguvu mtengenezaji anaweza kupunguza unene wa bomba bila kuogopa, ndo maana fremu inakuwa nyepesi na inachezacheza kidogo chini yako.

Mbona basi fremu nyingi za alumini ukizipanda zinahisi kama ubao? Kipenyo. Bomba likitanuka, ukakamavu wake haupandi pole pole, unapanda kwa mchemraba: kipenyo mara mbili kwa unene ule ule wa ukuta wa bomba, ukakamavu mara nane, uzito mara mbili tu. Bomba la chini la fremu ya chuma ya mtindo wa zamani lina milimita 28.6. Lifanye la alumini la milimita 40 kwa ukuta ule ule, unapata ukakamavu karibu sawa na chuma kwa nusu ya uzito. Ila ukuta mwembamba hivyo kwenye alumini unabonyea kwa kugongwa kidogo tu, kwa hiyo unaongezwa, ukiufanya mara mbili umerudi kwenye uzito wa chuma na ukakamavu umekaribia kuwa mara mbili. Hayo mabomba manene unayoyaona ndo yanayokakamaa. Alumini yenyewe ni mpangaji tu mle ndani.

Ushahidi upo barabarani tangu zamani. Vitus 979 ya Ufaransa ilikuwa fremu ya alumini ya kugundishwa kwa gundi, mabomba membamba kama ya chuma, na waendeshaji waliijua kwa kuyumba ukikanyaga kwa nguvu, na bado Sean Kelly wa Ireland alishindia mbio kubwa kubwa juu yake. Alumini hiyo, na haikukakamaa. Kisha nenda upande wa pili, keirin ya Japani, mbio za kamari zilizoanza Kokura mwaka 1948, wanaume wanakimbia fiksi za chuma mpaka leo, wanafika kilomita 70 kwa saa mwishoni, mapaja kama magogo, na hakuna anayelalamika chuma ni laini.

Na huo mgongo unaoumia, fremu ya pembetatu mbili ukiikandamiza kwenda chini haishuki hata kiasi cha kuona kwa macho, kinachoshuka ni tairi, siti na bomba la siti. Ukitoka tairi la upana wa milimita 23 ukaweka 28 na ukapunguza upepo, utahisi tofauti kubwa kuliko ya kubadilisha metali. Kwenye fiksi hili lina uzito wake kwa sababu miguu haitulii, huwezi kusimama juu ya pedali zilizolala sawa ukasubiri shimo lipite, unalipokea ukiwa bado unakanyaga.

Ugumu ule wa kweli, wa uso, unao mahali pake kwenye fiksi na hakuna anayeutaja. Ni pale ekseli ya nyuma inapokaa, ule mpasuo unaotazama nyuma. Unakaza cheni kwa kuvuta tairi nyuma, afu unabana nati zenye meno, na kila ukifanya hivyo meno yanauma fremu. Nilikuwa na fremu ya alumini ambayo baada ya muda ule upande wa cheni ulikuwa umetafunika, umejaa vijishimo vya duara juu ya vijishimo, ukitaka kusogeza ekseli milimita moja nati inaserereka yenyewe kurudi kwenye shimo la jana, na cheni inabaki imelegea au imekaza kupita kiasi. Ya chuma inapata alama tu. Fremu nzuri za alumini zinawekewa kipande cha chuma pale pale, ukienda kununua angalia hapo kabla ya kuangalia rangi.

Nguvu nayo ina habari zake. Chuma kikipata mizigo midogo chini ya kiwango fulani kinaweza kuibeba bila mwisho, alumini haina kiwango hicho, kila mkanyago unahesabiwa japo kidogo (huo ndo uchovu wa metali), ndo maana mtengenezaji anaijaza nyama ya ziada ili ikae miaka mingi. Chuma mara nyingi kinapinda kabla ya kukatika na fundi yeyote wa kuchomelea mwenye mkono mzuri anakirudisha, ila kinakula kutu kwa ndani usipokitazama. Alumini haishiki kutu hiyo nyekundu, lakini ikichomelewa pale penye moto panapoteza nguvu yake mpaka fremu ipikwe upya kwenye tanuri.

Yule jamaa hakuwa anadanganya, mgongo wake uliuma kweli na alumini aliyoiona imekatika ilikatika kweli. Ila cha kwanza kilikuwa mabomba yaliyokakamaa juu ya tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka mwisho, na cha pili kilikuwa uchovu wa metali. Siku nyingine aseme tu "ile fremu imekakamaa" au "ile fremu haina nguvu", na kijana ataelewa, atauliza mwenyewe bomba lina kipenyo gani na tairi la ukubwa gani linaingia.