Mtu mmoja juu ya mlima haoni moto uko wapi

Kiangazi kikiingia tu, kwenye kikao hapa Nakuru hakosekani wa kusema: "Si muweke kijana mmoja kileleni kabisa, ataona kila kitu?" Juzi limetoka tena, safari hii kinywani mwa mkubwa mmoja. Haya, tuelewane.

Vibanda vya kileleni vya kulindia moto wa msitu vilienea Marekani baada ya moto wa Agosti 1910, ulioteketeza takriban ekari milioni 3, nyingi zikiwa Idaho na Montana. Kile cha Desolation Peak, jimbo la Washington, kilijengwa 1932. Watu hupiga picha mandhari, wakasahau meza iliyo ndani. Juu yake kuna kifaa cha Osborne, cha kupimia moshi uko upande gani: ramani ya duara, kibanda chenyewe kikiwa kitovu, na pete ya chuma yenye digrii 360. Unachungulia tunduni, unaizungusha pete hadi unywele wa farasi uliokazwa upande wa pili ukate moshi pale unapotokea ardhini. Ukilenga wingu lake huko juu umepotea, upepo umeshalihamisha. Kisha unasoma digrii.

Umepata nini? Mstari. Moto unaweza kuwa kilomita 5 au 25 kwenye mstari huohuo! Mlinzi aliyezoea matuta yake hukisia umbali, lakini uhakika huja mwenzake wa mlima wa pili anaposoma digrii zake, wakapigiana simu, mistari ikakatana. Na ukikosea digrii 1 tu, kwa umbali wa kilomita 20 umewapeleka wazimamoto mita 350 kando. Ndani ya mianzi ya msitu wa Mau, hapo hawauoni.

Kuhusu urefu: Mlima Elgon una mita 4,321, na ukungu ukitanda utalinda ukungu. Ukingo wa kreta ya Menengai, hapa Nakuru, mita 2,278, ungefaa zaidi.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Vumbi la Rongai, tanuri la mkaa, mkulima anayechoma mabua: kwa mbali vyote ni moshi. Vitabu vinasema ripoti mara moja. Ripoti kila kimoja uone kama siku ya tatu kuna mzimamoto atakayepanda lori. Ukingoja moshi uwe mweusi, umechelewa. Kanuni ya kuamua sijaipata, na anayedai anayo namtilia shaka.

Kwa hiyo mkipata pesa, tuleteeni za vibanda viwili, pamoja na redio zinazoshika.